Sura ya Tano: Malimau ya Limone, Roshani ya Verona

Ziwa Garda ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Italia, lakini mtu wa Mwanza akilitazama kwenye ramani anaweza kulicheka. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 370 hivi. Ziwa Victoria lina zipatazo 68,800. Kicheko hukatika ukiuliza kina. Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, linazidi meta 80 kidogo tu penye kina kirefu kabisa, ilhali Garda linafika meta 346. Barafu ya zama za kale ndiyo iliyolichimba. Kaskazini limebanwa na milima iliyosimama wima juu ya maji, kusini linatanuka kwenye nchi tambarare ya mizabibu na mizeituni. Mto Sarca unaingia kwa juu, karibu na Torbole, na mto Mincio unatoka kwa chini, pale Peschiera, kuelekea Mantova.

Mimi na mume wangu, Baba Neema, tulilizunguka mwezi Julai, kisha tukamalizia Verona, mji wa kale ulio mwendo mfupi wa treni kutoka ncha ya kusini ya ziwa. Wanandoa kutoka kila pembe ya Ulaya hufanya safari hiyo majira ya joto yakifika, na wengi huifanya kwa ajili ya Romeo na Juliet. Wanandoa wa kwetu wana sababu nzuri zaidi. Katika ziwa hili na mji huu ipo historia inayotuhusu Waafrika moja kwa moja, tena yenye ushahidi, na hakuna anayeipangia foleni. Foleni iko kwenye hadithi ya kubuni.

Upepo wenye ratiba

Msafiri wa Garda apande meli. Barabara za kando ya ziwa ni nyembamba, na mwezi Julai na Agosti magari yanasogea kwa kuvutana. Meli za abiria zinaendeshwa na shirika la serikali, zinatia gati upande huu na upande ule, na ukikata tiketi ya siku nzima unashuka na kupanda upendavyo. Zanardelli na Italia, meli mbili za mwanzoni mwa karne iliyopita, bado zina magurudumu ya kupiga maji ubavuni.

Tuliokulia Mwanza tuna tabia moja tukipanda chombo: tunatafuta kwanza maboya yako wapi. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari fupi kufika nyumbani, na mamia ya watu kufa, hakuna anayehitaji kutufundisha hilo. Baba Neema alizunguka staha nzima ndipo akaja kukaa.

"Yapo ya kutosha, Mama Neema. Sasa tuangalie milima."

Kilichomvutia zaidi ni upepo. Usiku hewa ya milimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka bondeni. Ndiyo Pelér, upepo wa kaskazini unaovuma alfajiri hadi asubuhi. Jua likipanda, miteremko hupata joto, hewa yake hupaa, na nyingine huvutwa kutoka kusini kuja kuziba nafasi. Ndiyo Ora, upepo wa mchana. Mabaharia wa Garda walipanga biashara yao yote kwa saa za pepo hizo mbili: kushuka na Pelér, kupanda na Ora. Siku hizi vijana wa mbao za matanga hujazana Torbole kuzisubiri.

"Hii naijua," alisema Baba Neema. "Baba alikuwa anatoka usiku kwa upepo wa nchi kavu, anarudi mchana kwa upepo wa ziwa."

Upepo huo ndio ulioingiza Malcesine katika vitabu. Septemba 1786 mshairi wa Ujerumani, Johann Wolfgang von Goethe, alikuwa akishuka na mashua kutoka Torbole. Upepo ukageuka, mashua ikalazimika kutia gati Malcesine, mji uliokuwa chini ya Jamhuri ya Venezia, karibu na mpaka wa himaya ya Austria. Goethe akakaa kuchora mnara wa ngome iliyochakaa. Watu wakamzunguka, karatasi yake ikachanwa, akaulizwa kwa nini anachora ngome kama si jasusi wa mfalme wa Austria. Alijitetea kwamba anapenda magofu. Aliyemwokoa ni mwenyeji mmoja aliyewahi kufanya kazi Frankfurt, mji aliozaliwa Goethe, ambaye alimuuliza Goethe habari za familia za huko na akaridhika kwamba mgeni huyu hasemi uongo. Msomaji aliyewahi kufokewa na mlinzi kwa kupiga picha daraja au bandari ataielewa Malcesine ya mwaka 1786 bila maelezo. Leo ngome ile ile ina chumba cha kumuenzi Goethe, na mji uliotaka kumfunga unavutia watalii kwa jina lake.

Malimau yaliyojengewa nyumba

Kutoka Malcesine kivuko kinakuvusha hadi Limone, mji ulioshikilia kipande chembamba cha ardhi chini ya genge refu. Mpaka mwaka 1931, barabara ya magharibi ilipotobolewa katika miamba, Limone ilifikiwa kwa maji au kwa njia za miguu za milimani. Watu wake waliishi kwa samaki, zeituni na malimau.

Mlimau haupendi baridi, na hapa tuko chini ya milima ya Alpi. Wakulima wakajenga matuta makubwa yenye ukuta mrefu upande wa kaskazini na safu za nguzo za mawe mbele yake. Majira ya joto miti ilikaa wazi. Novemba ikikaribia, walipandisha boriti juu ya nguzo, wakafunika kwa mbao na vioo, na usiku wa baridi kali wakawasha moto humo ndani. Malimau hayo yaliuzwa ng'ambo ya Alpi, Ujerumani na mbali zaidi, kwa bei iliyolipa taabu hiyo yote. Katika karne ya 19 miti ikaingiwa na ugonjwa, reli zikaleta malimau ya bei rahisi kutoka kusini mwa Italia, na biashara ikafa. Nguzo zimebaki zimesimama mlimani. Bustani moja, Limonaia del Castèl, imekarabatiwa na inapokea wageni. Ndani yake utaona wazi kazi ilivyokuwa ya mikono mingi na faida ilivyokuwa ya mwenye shamba.

Upweke wa Limone uliacha alama hata katika damu. Miaka ya 1970 madaktari wa Milano walimpima mwenyeji wa Limone aliyekuwa akifanya kazi mjini kwao. Mafuta katika damu yake yalikuwa ya kutisha, lakini mishipa ya moyo haikuwa na tatizo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ana protini iliyobadilika kidogo, ambayo wanasayansi wameipa jina la apolipoprotini A-1 Milano. Wakapima kijiji, wakakuta na wengine wenye nayo, na wote nasaba zao zikarudi kwa mtu mmoja aliyezaliwa huko mwaka 1780. Pasipo na barabara watu huoana wenyewe kwa wenyewe, na mabadiliko yaliyoanzia kwa mtu mmoja yalibaki hapo hapo.

Watalii wengi wa Limone hununua sabuni na pombe ya limau gatini, wakala aiskrimu, wakarudi melini. Sisi tulipanda kilima hadi kitongoji cha Tesöl, kwenye nyumba ya mtunza bustani. Humo, tarehe 15 Machi 1831, alizaliwa Daniele Comboni. Baba yake, Luigi, alitunza malimau ya tajiri. Luigi na mkewe Domenica walipata watoto wanane, wakawazika wote isipokuwa Daniele. Alipofika miaka 12 wakampeleka Verona kwenye shule ya padri Nicola Mazza, iliyosomesha watoto maskini wenye akili. Mwaka 1857 mtoto huyo pekee akaaga kwenda Sudan, na mama yake akafariki mwaka uliofuata, kabla hajarudi.

Msomaji wa Uganda, Kongo au Kenya hana haja ya kutambulishwa kwa Wacomboni, wamisionari wa shirika aliloanzisha. Waliingia Uganda mwaka 1910, na mwaka 1959 wakaanzisha hospitali ya Lacor, Gulu, ile ambako Dkt. Matthew Lukwiya aliongoza mapambano dhidi ya Ebola mwaka 2000 hadi ugonjwa huo ukamuua. Mzizi wa kazi hiyo uko kwenye nyumba hii ya mtunza malimau. Siku tuliyofika, gatini pa Limone hapakuwa na pa kuweka mguu. Kule juu tulikuwa sisi na mzee mmoja aliyekuja kusali.

Miji ya kusini

Ukishuka kusini, ziwa linabadilika tabia: hoteli kubwa, bustani, majumba ya kifahari. Gargnano na Salò ni miji mizuri yenye kumbukumbu mbaya. Benito Mussolini, aliyeivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwamwagia watu wake gesi ya sumu, aliangushwa Julai 1943. Wajerumani wakamtoa kifungoni na kumweka hapa kuongoza serikali ya kibaraka, iliyodumu mpaka Aprili 1945 na kujulikana kwa jina la Salò. Aliishi Gargnano katika jumba la familia ya Feltrinelli. Leo jumba hilo ni hoteli ya matajiri, na anayepita kwa meli huliona likimeremeta kando ya maji.

Kusini mwa ziwa kuna Solferino. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana hapo na jeshi la Austria, na maelfu ya majeruhi wakaachwa uwanjani bila matibabu. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henri Dunant, aliyekuwa akipita kwa shughuli zake, alijiunga na akina mama wa Castiglione waliokuwa wakiwahudumia majeruhi bila kuuliza wa upande gani. Kutokana na aliyoyaona, Msalaba Mwekundu ukaanzishwa mwaka 1863. Kila gari jeupe lenye msalaba huo lililowahi kupita Kigoma au Goma limetokana na mashamba haya.

Sirmione, kwenye ulimi mwembamba wa nchi ulioingia ziwani, ndiyo inayopendwa na wapenzi kuliko miji yote ya Garda. Ina ngome ya ukoo wa Scaliger, watawala wa Verona, yenye maji pande zote na gati ndani ya kuta zake. Ina chemchemi ya maji moto yenye salfa, inayotoka chini ya ziwa kwa joto la nyuzi 69 hivi, ambayo mpiga mbizi aliiwekea bomba mwaka 1889. Kwenye ncha yake kuna magofu ya jumba kubwa la Kirumi linaloitwa Mapango ya Catullus, kwa heshima ya mshairi aliyekuwa na nyumba Sirmione, ingawa hakuna ushahidi kwamba jumba hilo lilikuwa lake.

Hapo pia aliishi mwimbaji Maria Callas. Alikuja Verona mwaka 1947 kuimba kwenye Arena, akakutana na Giovanni Battista Meneghini, mfanyabiashara wa matofali aliyemzidi umri kwa mbali, wakaoana mwaka 1949 na baadaye wakawa na nyumba Sirmione. Ndoa ilivunjika mwaka 1959. Nchi hii haina uhaba wa mapenzi ya kweli, yenye raha yake na machungu yake. Jambo hilo ni vizuri ulikumbuke kabla hujafika Verona.

Roshani ya mwaka 1940

Hadithi ya Romeo na Juliet wa Verona iliandikwa na Luigi da Porto mwanzoni mwa karne ya 16, ikapita mikono kadhaa, ikamfikia Shakespeare. Hakuna kumbukumbu ya vijana hao wawili. Lakini wageni walikuwa wakiulizia nyumba ya Juliet, na mji una akili ya biashara. Mwaka 1905 manispaa ilinunua nyumba ya kale iliyowahi kuwa ya ukoo wa Dal Cappello, jina linalokaribiana na Capuleti, ukoo wa Juliet. Miaka ya 1930 msimamizi wa makumbusho, Antonio Avena, akaikarabati ifanane na hadithi. Roshani, ile inayopigwa picha na kila mgeni, ilibandikwa ukutani karibu mwaka 1940, ikiungwa kwa mawe ya kale yaliyochukuliwa kwingineko. Uani kuna sanamu ya Juliet ya shaba, iliyotengenezwa na Nereo Costantini. Watalii waliishika kifuani kutafuta bahati ya mapenzi mpaka ikaharibika, na mwaka 2014 ikawekwa nakala.

"Kwa hiyo wanashika nakala ya sanamu ya mtu ambaye hakuwepo, chini ya roshani ambayo haikuwepo," alisema Baba Neema.

"Na wewe umepanga foleni," nikamwambia.

"Nimekufuata wewe."

Verona ya kweli iko hatua chache kutoka hapo. Arena, uwanja wa Kirumi wa karne ya kwanza, bado unafanya kazi. Tetemeko la mwaka 1117 liliangusha ukuta wake wa nje na kubakiza matao manne tu juu, lakini ngazi za ndani zilinusurika. Tarehe 10 Agosti 1913, kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa mtunzi Giuseppe Verdi, opera yake ya Aida iliimbwa humo chini ya nyota, na tangu hapo, vita vikipisha, opera huimbwa Arena kila majira ya joto. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri. Opera yenyewe ilionyeshwa kwanza Kairo mwaka 1871. Tiketi za bei nafuu ni za kukaa kwenye ngazi zenyewe, na jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa bado lina moto saa tatu usiku. Kodi mto wa kukalia. Giza likiingia watu huwasha mishumaa midogo, na maelfu ya Wazungu hukaa kimya kumsikiliza Mwethiopia akililia nchi yake. Kwa miaka mingi waimbaji weupe walipakwa rangi nyeusi ili waigize nafasi hiyo. Mwaka 2022 mwimbaji Mmarekani mweusi, Angel Blue, alijitoa katika onyesho lake Arena kwa kuipinga desturi hiyo. Mjadala huo bado uko hai, na atakayeketi kwenye ngazi zile aende akiujua.

Ukingoni mwa mji wa kale kuna Ponte Pietra, daraja lenye asili ya Kirumi juu ya mto Adige. Wajerumani walililipua Aprili 1945 wakikimbia. Wenyeji waliopoa mawe mtoni na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakalijenga upya kwa mawe yale yale. Roshani ya Juliet na daraja hili vyote vimejengwa upya kwa mawe ya kale. Kwa daraja, mji ulirudisha kitu kilichokuwepo. Kwa roshani, uliuza kisichokuwepo. Tofauti hiyo ndiyo kipimo changu cha kila mji wa kihistoria.

Waafrika wa Verona

Mtakatifu msimamizi wa Verona ni Zeno, askofu wake wa karne ya nne. Mapokeo ya mji yanasema alitoka Mauretania, Afrika Kaskazini. Wasomi wanaokubaliana nayo hutaja mahubiri yake, ambayo zaidi ya 90 yamehifadhiwa: Kilatini chake kinafanana na cha waandishi wa Afrika, na mojawapo linamsifu Arcadius, shahidi wa Mauretania. Katika basilika yake, San Zeno Maggiore, nyuma ya milango maarufu ya shaba, kuna sanamu ya zama za kati ya marumaru iliyotiwa rangi. Askofu ameketi, uso wake ni mweusi, anacheka, na kwenye fimbo yake ya kiaskofu ananing'iniza samaki, kwa kuwa inasemekana alikuwa akijivulia mwenyewe mtoni. Watu wa Verona wanamwita Zeno anayecheka, na wanampenda.

Verona ndiyo iliyompokea Comboni na hapo mwaka 1867 akaanzisha shirika lake, na la masista mwaka 1872. Mpango wake wa mwaka 1864 ulisisitiza kwamba Afrika itainuliwa na Waafrika wenyewe: mapadri, walimu na mafundi waliosomea barani mwao. Aliandika kwa lugha ya Mzungu wa karne ya 19, na yapo maneno yake ambayo leo hatuwezi kuyapokea. Lakini wazo hilo liliwatangulia wengi wa wakati wake. Daniele Sorur, kijana Mdinka aliyetoroka utumwani na kukimbilia misioni yake, aliletwa na Comboni hadi Verona, akasoma, akaendelea Roma, akapewa upadri mwaka 1887. Comboni hakuiona siku hiyo. Alifariki Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881, akiwa na miaka 50. Nyumba mama ya shirika bado iko Verona.

Kwa hiyo Mwafrika akifika Verona hajafika ugenini kabisa. Askofu ambaye mapokeo yanasema alitoka Afrika alikuwa hapa miaka zaidi ya 1,200 kabla ya Shakespeare, na Mdinka alisoma hapa wakati mababu zetu bado hawajasikia habari za mkutano wa Berlin.

Ukipanga safari hii na mwenzako, epuka katikati ya Agosti, kwa kuwa tarehe 15 ni sikukuu na Italia nzima inahamia majini. Fikia Desenzano au Peschiera, penye treni na meli. Mgahawani utatozwa ada ya kukaa mezani kwa kila kichwa. Ndiyo desturi yao, usigombane na mhudumu. Ukiagiza samaki, jua kwamba carpione, anayepatikana katika ziwa hili peke yake duniani, anakaribia kutoweka, kama furu wetu wa Ziwa Victoria baada ya sangara kuingizwa; chagua mwingine. Limone panda mpaka Tesöl. Verona anza na San Zeno, kisha Ponte Pietra, jioni uwe kwenye ngazi za Arena. Muda ukibaki, pita kwa Juliet, lakini pesa yako ya kiingilio ianze kwa Zeno.